Kupima chumvi ya Ziwa Nakuru baada ya mvua
Ziwa limo ndani ya mbuga, kwa hiyo pata ruhusa ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kwanza. Chumvi hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme: yakiwa na chumvi zaidi, hupitisha zaidi. Sawazisha kipimo cha upitishaji umeme kwa maji sanifu (yenye upitishaji unaojulikana) ya 12.88 mS/cm (milisiemens kwa sentimita), nyuzi 25 za Selsiasi. Usichote karibu na mdomo wa mto Njoro, Makalia wala Nderit: maji matamu ni mepesi, huelea juu ya yale ya magadi, ukaishia kupima mto badala ya ziwa. Pima sentimita 30 chini, kisha mita 1. Namba hizo mbili zikipishana sana, maji hayajachanganyika. Rudia upepo ukishavuma. Andika joto pia, maana kila nyuzi 1 hupandisha upitishaji kwa takriban asilimia 2. Kanuni ya baharini ya kugeuza upitishaji kuwa kiasi cha chumvi usiitumie kabisa: kule chumvi kubwa ni kloridi, hapa ni kabonati za sodiamu.