Robota si kipimo: nyasi za farasi wadogo mpaka Mei

Kwetu Machame mama alihesabu majani ya ng'ombe kwa mizigo: mmoja wa kichwani asubuhi, mwingine jioni, na kiangazi kikibana anaongezea migomba iliyokatwakatwa. Hesabu yake ilikaa sawa kwa sababu kila mzigo aliufunga mwenyewe. Mimi huku Minnesota, Marekani, nilinunua marobota ya nyasi kavu yaliyofungwa na mtu mwingine nikaamini mdomo wake. Tarehe 18 Machi, theluji ikiwa bado magotini, stoo ilibaki na makapi na kamba za kufungia.

Nina farasi wadogo watatu, wa aina ile fupi inayonifika kiunoni: Karanga, Pilau na Shangazi. Kwanza ujue uzito wao, na macho usiyaamini, maana wakishaota manyoya ya baridi wote huonekana wanene. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzunguko uzidishe kwa wenyewe, halafu kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Pilau ana sentimita 115 kwa 100, inatoka kama kilo 111. Kanuni hiyo ilitungwa kwa farasi wakubwa, kwa hiyo kwa hawa ichukue kama makisio. Wangu watatu jumla wana kilo 340.

Farasi hula nyasi kavu za asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Napiga hesabu kwa 2 kwa wote: kilo 6.8. Shangazi hunenepa kwa kuona chakula tu, huyo nampa 1.5, na kinachobaki ni akiba. Ila mnene usimkatie chakula ghafla. Hawa wadogo wakishinda njaa, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, na hilo linaua.

Huku malisho hayana maana toka katikati ya Oktoba mpaka katikati ya Mei. Siku 213 mara 6.8 ni kilo 1,448. Baridi kali nayo ina sehemu yake: nyasi zikichacha tumboni ndizo zinazompa farasi joto, hivyo naongeza moja ya tano kwa siku 60 hivi, kilo 82. Halafu kuna zinazokanyagwa na kukojolewa. Ukitumia wavu au hori, ongeza asilimia 15. Ukimwaga chini, andaa zaidi. Mimi nafika kama kilo 1,760.

Sasa robota. Muuzaji aliniambia lake lina kilo 23, nikagawanya, nikanunua 77. Nilipoishiwa ndipo nikaleta mizani ya bafuni. Nilipanda peke yangu, nikashuka, nikapanda tena nimekumbatia robota, nyasi zinanichoma shingoni, na mume wangu kainama anasoma namba kwa sababu mimi siioni. Kilo 17. La pili 16 na nusu. La tatu 17. Nilihitaji marobota 104! Yale 27 yaliyopungua niliyatafuta Machi, wakati kila mtu anatafuta, na bei yake sitaki hata kuikumbuka.

Kwa hiyo siku hizi nanunua Julai au Agosti, na kabla ya kulipa napima marobota kumi ya kuokota huku na huku. Nafungua moja pia, naingiza mkono katikati. Likiwa na joto au harufu ya uvundo, naondoka: nyasi zilizofungwa mbichi huota ukungu, na zinaweza kuwaka moto zenyewe. Stoo nazipanga juu ya paleti, mbali na ukuta.

Wiki za baridi usisahau maji ya vuguvugu. Farasi anayekula nyasi kavu bila kunywa hufunga choo. Na kila Jumapili pitisha vidole mbavuni chini ya manyoya, uzihisi bila kuziona.

Januari ikiisha, nusu ya nyasi iwe bado ipo. Mwaka huu nilihesabu 53.