Tengeneza king'ora cha simtank kwa Arduino, upate sababu ya kuamka saa nane usiku

Wakuu, tuseme ukweli kwanza: boya la fundi bomba linafunga maji lenyewe tanki likijaa, halili umeme wala halina programu. Kama shida yako ni maji tu kanunue boya ulale. Sie wengine hapa Pasua, Moshi, tunataka kitu kipige kelele, so twende.

Vifaa: Arduino Uno, ile bodi ndogo unayoiwekea programu (kopi ya Kichina inatosha kabisa), sensa ya JSN-SR04T (inapima umbali kwa mwangwi wa sauti, kichwa chake kimezibwa maji yasiingie), baza ya volti 5 (kidude cha kulia), nyaya za jampa. HC-SR04 ile yenye macho mawili ni rahisi zaidi lakini haijazibwa, unyevu wa ndani ya tanki utaila mdogomdogo mpaka siku ikwambie maji yako mita nne chini, kwenye tanki la mita moja na nusu.

1. Waya wa USB wa Uno ni uleule wa printa, mbembeleze jamaa wa steshenari akuazime. Laptopu isipoona porti, weka draiva ya CH340, kopi nyingi zina hiyo chipu.

2. Kutoka kwenye sensa kwenda Uno: VCC kwenye 5V, GND kwa GND, Trig (ya kuiamuru sensa ipige sauti) pini ya 9, Echo (ya kuleta jibu) pini ya 10, mguu mrefu wa baza pini ya 8, mfupi GND. Basi.

3. Programu, utamu wote uko hapa. Iamshe Trig kwa maikrosekunde 20, halafu amri ya pulseIn kwenye Echo inakupa muda wa sauti kwenda majini na kurudi, unaugeuza kuwa sentimita:

umbali = muda * 0.034 / 2;

Usipogawa kwa 2 tanki linakuwa na kina mara mbili, utajiona tajiri. Kisha:

if (umbali > 0 && umbali < 35)

hapo ndo unawasha baza. Hiyo sifuri usiidharau mangi, sensa ikikosa mwangwi pulseIn inarudisha 0, bodi inaamini maji yamegusa mfuniko, king'ora kinalia tanki likiwa kavu na wapangaji wote wanatoka na ndoo, sasa we nenda kawaeleze habari za mwangwi. Na 35 ni kwa sababu hii sensa chini ya sentimita 25 hivi haioni vizuri, ukiiwekea 5 utasubiri mpaka maji yafike kwenye maharage ya mama mwenye nyumba.

4. Ijaribu mezani kwa kusogeza sahani kwanza. Ikikubali, toboa mfuniko uchomeke sensa ikitazama chini, mbali na bomba linaloingiza, maana maji yanayomwagika yanarudisha mwangwi wa uongo. Bodi ikae kwenye kopo la aiskrimu, nje ya tanki, tafadhali.

5. Umeme chukua kwenye chaja ya simu. Ukikatika weka pawabenki, ila nyingi za siku hizi zikiona Uno inakula kidogo hivyo zinadhani hakuna kitu na kujizima, kwa hiyo tafuta ile ya zamani isiyo na akili nyingi.