Kibali na Gharama za Kujenga au Kukarabati Kibaraza cha Nyumba Jijini Dodoma

Anayetaka kujenga kibaraza kipya, au kukarabati kilichopasuka, aanze kwa kutafuta bikoni, yaani alama za mpaka, za kiwanja chake kabla hajauliza bei ya saruji. Kibaraza ndiyo sehemu ya nyumba inayosogea kuelekea barabarani au kwa jirani, kwa hiyo ndicho kinachogusa mpaka kwanza, na ndicho kinachopigwa alama nyekundu ya X, ya kubomolewa, hata pale vyumba vinapobaki salama. Pima kwa futi kamba kutoka ukutani hadi mpakani, kisha ulinganishe na umbali unaotakiwa kwenye masharti ya kiwanja chako. Kwa nyumba zilizo kando ya barabara kuu au ya mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara hizo husimamiwa na TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, na zile za mitaa husimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Si kila kazi inahitaji kibali cha ujenzi. Kupaka rangi, kuziba nyufa ndogo au kubadilisha marumaru zilizovunjika ni matengenezo ya kawaida, na kumweleza mwenyekiti wa mtaa au afisa mtendaji mapema huepusha maswali. Ukiongeza ukubwa wa kibaraza, ukakiwekea nguzo na paa, ukakizungushia ukuta hadi kikawa chumba, au ukagusa ukuta unaobeba nyumba, hapo umeingia kwenye uendelezaji wa ardhi unaosimamiwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007, na kibali cha Halmashauri ya Jiji kinahitajika kabla msingi haujachimbwa. Nasisitiza neno kabla, kwa sababu nimeona familia zikiomba kibali baada ya bati kuezekwa, na kazi yote ikasimama huku mbao zikipinda juani.

Jambo linalowachelewesha wengi Dodoma ni karatasi za umiliki. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa ikimilikisha viwanja kwa miaka 33. Ilipovunjwa mwaka 2017 kazi zake zilihamishiwa kwenye manispaa, ambayo mwaka 2018 ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na utaratibu ukabadilika ili wamiliki wapate hati za miaka 99. Ikiwa nyumba yako ya Area C au Kikuyu ingali na nyaraka za zamani, au uliinunua kwa mkataba wa mauziano bila kuhamisha jina, maliza kwanza suala hilo kwenye ofisi ya ardhi. Ombi la kibali huambatana na nakala ya hati au barua ya toleo (barua ya kumilikishwa kiwanja), stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, na michoro inayoonyesha nyumba ilivyo sasa, kibaraza kinachoongezwa na umbali wake hadi kila mpaka. Kwa kibaraza cha juu, kile cha ghorofa, ongeza michoro ya mhandisi aliyesajiliwa, na hapa usikubali mchoro wa kukisia, kwani zege linaloning'inia bila nondo za kutosha huua watu.

Ada hutegemea sheria ndogo za halmashauri pamoja na ukubwa na aina ya jengo. Usimkabidhi mtu fedha taslimu. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, ambayo wengi huiita kontroli namba. Kibali kikitoka, soma tarehe na masharti yake, ukibandike au ukihifadhi eneo la kazi, na umwite mkaguzi katika hatua zilizotajwa humo.

Sasa gharama. Badala ya kuuliza fundi “itafika shilingi ngapi?”, hesabu vifaa kwanza, kisha upeleke orodha moja kwenye maduka matatu. Chukua kibaraza cha mita 5 kwa mita 2.5, chenye jamvi, yaani sakafu ya zege, la unene wa sentimita 10. Zege lake ni mita za ujazo 1.25. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, utahitaji takriban mifuko 8 ya saruji ya kilo 50, mchanga wa nusu mita ya ujazo na ushee, na kokoto kama mita 1.1 za ujazo. Tabaka la juu la sentimita 3 litakula mifuko mingine 3. Marumaru za sentimita 60 kwa 60, ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, ni boksi 10 zenye vipande vinne kila moja. Msingi, kifusi, nguzo na paa hesabu kando, kisha weka akiba ya asilimia 10 ya jumla yote. Usafiri wa mchanga na kokoto nao ni gharama halisi, hasa kwa aliye Nzuguni au Iyumbu mbali na barabara ya lami.

Fedha ikipungua, punguza marumaru, usipunguze msingi. Dodoma ina maeneo ya udongo mfinyanzi mweusi ambao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na jamvi lililomwagwa juu yake bila maandalizi hupasuka hata saruji ikiwa nyingi kiasi gani. Uondoe, ujaze moramu, yaani udongo wa changarawe, kwa matabaka ya sentimita 15, na kila tabaka lishindiliwe. Acha mwanya kati ya jamvi la kibaraza na ukuta wa nyumba ili kila kimoja kiende kivyake, na weka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea nje. Kiangazi, kati ya Mei na Novemba, ndicho wakati mzuri wa kazi, lakini jua na upepo wa hapa hukausha zege haraka mno: limwagwe asubuhi mapema, lifunikwe, na limwagiliwe maji kwa siku 7. Gharama ya maji hayo iingie kwenye bajeti.

Kwa anayependa sakafu ya mbao, mchwa ndio adui mkubwa. Tumia mbao zilizotiwa dawa, kwa mfano paini kutoka Mufindi, simamisha nguzo juu ya vitako vya zege, na acha hewa ipite chini. Dai stakabadhi ya muuzaji, maana mbao zisizo na nyaraka zinaweza kukamatwa.

Ujira wa fundi uandikwe kwenye mkataba wenye hatua na mashahidi, na malipo yafuate hatua hizo. Sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi utakapomwaga ndoo ya maji karibu na mlango na kuyaona yakitiririka yote kwenda nje.