Jinsi ya kuongoza mjadala wa tafsiri za Biblia katika ushirika wa Kiswahili nchini Uganda

Katika makanisa ya Kampala yenye ibada ya Kiswahili, na vilevile katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II, ubishi huwaka upesi pale mtu anaposimama katikati ya somo na kudai kwamba Biblia walizoshika wenzake si kamili. Mara nyingi msemaji ametumiwa kwenye WhatsApp orodha ya mistari "iliyoondolewa", au amemsikia mhubiri mgeni akifundisha kwamba tafsiri ya Kiingereza ya King James ndiyo pekee aliyoihifadhi Mungu na kwamba nyingine zote zimechezewa. Mwongozo huu ni kwa mzee wa kanisa, katekista au kiongozi wa somo la Biblia ambaye ameangukiwa na kazi ya kuuongoza mjadala huo bila kuugawa ushirika. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa ili msomaji aupime: kanisa lina haki ya kuchagua tafsiri moja ya kusomwa mimbarani, lakini halina msingi wa kuifanya tafsiri hiyo kipimo cha imani ya mtu.

Jueni kwanza mnabishania nini

Kabla ya kikao, zungumza na mwenye hoja faraghani, kwa heshima anayostahili, hasa akiwa mzee kwako kwa umri au kwa huduma, na umwombe aandike dai lake kwa sentensi moja. Utaona kwamba watu wanaosema "King James tu" hawasemi jambo moja. Yuko anayeipenda kwa sababu ndiyo aliyokariri mistari yake shuleni, na huyo hana ugomvi na mtu. Yuko anayeamini kwamba maandishi ya Kigiriki yaliyotumiwa na watafsiri wa King James ni bora kuliko yale yanayotumiwa na tafsiri za karne hizi mbili za mwisho. Hiyo ni hoja ya kitaalamu, na wapo wasomi wacha Mungu walioitetea. Yuko anayesema kwamba watafsiri wenyewe walikuwa hodari kuliko wote waliowafuata. Na yuko, mara chache lakini kwa sauti kubwa, anayefundisha kwamba Kiingereza hicho chenyewe kimevuviwa, kiasi cha kuweza kusahihisha Kigiriki na Kiebrania. Ni dai hili la mwisho peke yake linalomnyang'anya Mkristo wa Kiswahili Biblia yake, na kulijibu kana kwamba ndilo lililosemwa na wale watatu wa kwanza ni kuwaonea.

Andaa vitabu, si simu pekee

Pata Biblia ya Kiswahili ya Union Version iliyochapwa, ile iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tuliizoea tangu utoto. Pata Habari Njema. Pata Biblia ya Kiganda, kwa kuwa nusu ya wasikilizaji wako huenda wakawa wanaomba na kuimba kwa lugha hiyo nyumbani. Na pata King James yenyewe. Waumini waliotoka Kongo waombe waje na Biblia za Kiswahili cha kwao. Duka la Chama cha Biblia cha Uganda lina nyingi ya hizi, na wenye nazo hawakosekani katika ushirika. Programu za simu ni msaada, lakini nyingi huzificha tanbihi nyuma ya alama ndogo ambayo msomaji huipita bila kuiona, na huko ndiko ubishi wa "mistari iliyoondolewa" unakopata nguvu.

Kitu kimoja kinahitaji kutafutwa kwa bidii: utangulizi mrefu ambao watafsiri wa King James waliuandika mwaka 1611 kwa wasomaji wao. Nakala nyingi za siku hizi zimeuacha, lakini unapatikana kwenye intaneti na unaweza kuuchapisha. Nitaurudia hapa chini, kwa sababu sijaona hoja iliyo nzito kuliko hiyo, na inatoka kwa watu ambao mwenye dai anawaheshimu.

Fungueni mstari mmoja, mkae nao

Usianze na orodha ndefu. Orodha humfanya kila mmoja arukie mstari wake, na baada ya saa nzima hakuna hata mmoja uliosomwa mpaka mwisho. Mimi napendekeza Mathayo 17:21, mstari usemao kwamba pepo wa namna hii hatoki ila kwa kusali na kufunga, kwa sababu katika makanisa yetu, hasa ya Kipentekoste na yale yanayofanya maombi ya mlimani, ni mstari unaopendwa na unaotumika.

Waambie wote waufungue kwa wakati mmoja. Wenye King James watausoma wazi. Wenye Union Version wataona maneno yamo ndani ya mabano ya mraba. Mwenye tafsiri ya Kiingereza ya NIV atatoka namba 20 akaingia 22, na maneno yenyewe atayakuta chini ya ukurasa kwenye tanbihi. Acha mshangao upite, kisha ueleze kwa utulivu. Hati mbili kongwe za Kigiriki, zile za karne ya 4 zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus, hazina mstari huu mahali hapa. Hati nyingi za baadaye zinao. Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba wanakili waliikumbuka habari hiyohiyo katika Marko 9:29 na kuyaleta maneno yake katika Mathayo, jambo ambalo anayenakili kwa mkono kitabu anachokijua kwa moyo hulifanya bila nia mbaya.

Kisha ueleze pengo la namba, kwa maana ndilo linalowatia watu hofu. Namba za mistari ya Agano Jipya hazikuandikwa na mitume. Ziliwekwa mwaka 1551 na mchapaji Mfaransa Robert Estienne, katika maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa na maneno haya. Tafsiri inayofuata hati kongwe inayahamisha maneno hayo kwenye tanbihi, lakini haiwezi kuzihesabu upya namba za dunia nzima. Hivyo pengo linabaki wazi mbele ya macho ya kila msomaji. Anayetaka kuiba hapachi alama mahali alipoiba.

Malizia kwa kuwauliza kama fundisho la kufunga limepotea. Wapeleke Mathayo 6:16-18, ambapo Bwana anasema "mfungapo", na Matendo 13:2-3, ambapo kanisa la Antiokia lilifunga kabla ya kuwatuma Barnaba na Sauli. Mistari hiyo haina mabano popote. Mtu atabaki huru kuamini kwamba Mathayo aliyaandika maneno ya 17:21, na hakuna atakayemtoa kanisani kwa sababu hiyo.

Ukishamaliza huo, unaweza kwenda 1 Yohana 5:7-8, lakini kwa uangalifu, kwa kuwa unagusa Utatu na mioyo hupanda. Ukweli wake ni mfupi. Erasmus, msomi wa karne ya 16 ambaye maandishi yake ya Kigiriki ndiyo yaliyozaa yale yaliyotumiwa na King James, hakuyaweka maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, yaani Baba, Neno na Roho Mtakatifu, katika chapa zake za mwaka 1516 na 1519. Aliyaweka katika chapa ya 1522. Kwa hiyo hata yule anayesema "mimi nafuata maandishi ya Kigiriki yaliyopokewa" lazima aulizwe anafuata chapa gani, kwa sababu zenyewe hazilingani.

Wape watafsiri wa 1611 nafasi ya kusema

Hapa ndipo utangulizi ule unapofanya kazi. Watafsiri hao walianza baada ya mkutano wa Hampton Court wa mwaka 1604, ulioitishwa na Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, na walikuwa wasomi wapatao 47. Hawakudai kuvuviwa. Waliandika kwamba hata tafsiri duni kabisa ya Kiingereza iliyotolewa na watu wa imani yao ni Neno la Mungu, kama vile hotuba ya mfalme bungeni inavyobaki kuwa hotuba ya mfalme hata ikitafsiriwa kwa Kifaransa, Kiholanzi, Kitaliano au Kilatini, ingawa kila mtafsiri hakuwa na ufasaha uleule. Waliweka pia maana mbadala pembeni mwa ukurasa, na wakajitetea kwamba mahali ambapo maana si wazi, kumwonyesha msomaji zaidi ya njia moja kuna faida.

Ongeza mambo mawili. Chapa ya 1611 ilikuwa na vitabu vya Apokrifa, kama Tobiti na Wamakabayo, kati ya maagano mawili, vitabu ambavyo watetezi wengi wa King James leo hawavikubali. Na maandishi ambayo karibu kila mtu anayashika sasa si yale ya 1611 neno kwa neno, bali ni marekebisho yaliyofanywa Oxford mwaka 1769 na Benjamin Blayney, hasa ya tahajia, alama za uandishi na makosa ya uchapaji. Usiyaseme haya kwa kejeli. King James ni kazi kubwa, na mtu aliyeokoka kwa kuisoma hana sababu ya kuiacha.

Mpe mwenzako hoja yake iliyo bora

Kiongozi anayejibu hoja dhaifu tu hujulikana, na watu hunyamaza kikaoni wakaenda kuendelea nje. Hoja bora ya upande ule ni ya uhifadhi: kwamba Mungu asingeliacha kanisa kwa karne nyingi likiwa na maandishi yenye kasoro, kisha ayafunue yaliyo safi kwa wataalamu wa karne ya 19. Ni hoja ya imani, na haistahili kuchekwa. Jibu ninaloliona la haki ni kwamba uhifadhi unaonekana katika wingi wa hati zenyewe, zaidi ya 5,000 za Kigiriki, ambazo zinapolinganishwa hufichua makosa ya kila mnakili mmoja, na kwamba hakuna Andiko linalotaja lugha ya Kiingereza au mwaka 1611. Zaburi 12:6-7, inayoletwa mara nyingi kama ushahidi, katika Union Version mstari wake wa 7 unasema kwamba Bwana atatuhifadhi sisi, yaani watu wake wanaoonewa, wala si maneno; na ukiusoma pamoja na mstari wa 5, juu ya maskini na wahitaji, utaona kwa nini watafsiri waliuelewa hivyo.

Onyesha vilevile kwamba dai la namna hii si geni. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, uliitangaza Vulgata, tafsiri ya kale ya Kilatini, mwaka 1546 kuwa tafsiri halali ya kusomwa na kufundishiwa. Mwaka 1943 Papa Pius wa Kumi na Mbili alifafanua kwamba tamko hilo halikuzuia kurudi kwenye lugha za asili wala kutafsiri kutoka huko. Waorthodoksi, ambao hapa Uganda walianza na Reuben Spartas mwaka 1929, wanaiheshimu Agano la Kale la Kigiriki kuliko la Kiebrania. Kila mmoja ana sababu zake, na ni vigumu kumkatalia Mkatoliki Kilatini chake huku ukiamuru Kiingereza.

Kisha kuna historia ya nchi hii. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walifika Buganda mwaka 1877, na wasomaji wa kwanza walijifunzia Maandiko kwa Kiswahili kabla ya kuyapata kwa Kiganda. Agano Jipya la Kiganda lilikamilika 1893 na Biblia nzima 1896, kazi ya mmisionari George Pilkington pamoja na Mganda Henry Wright Duta. Mashahidi waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 hawakuwahi kuiona Biblia nzima kwa lugha yao. Anayesema kwamba bila King James hakuna Neno la Mungu kamili, aulizwe kwa upole anawaweka wapi hao.

Pamoja na hayo, usiwaachie watu wadhani kwamba tafsiri zote ni sawa. Iko tafsiri inayopindisha maandishi ili kulinda fundisho la kikundi chake. Iko nyingine ambayo ni masimulizi mepesi tu. Wafundishe kuuliza: imetafsiriwa kutoka lugha gani, na watu wangapi wa makanisa gani, na je, utangulizi wake unayasema hayo bila kuficha?

Fikieni uamuzi wa utaratibu

Mjadala ukiisha bila uamuzi, utarudi Jumapili ijayo, na atakayeumia ni mkalimani. Mhubiri anasoma King James kwa Kiingereza. Mkalimani anaufungua mstari uleule kwenye Union Version, anakuta mabano au mpangilio tofauti wa maneno, anasita, na mkutano mzima unadhani hajui kazi yake. Wengine huanza kutafsiri palepale kutoka Kiingereza, na hapo ushirika unasomewa tafsiri ambayo haikupitiwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo wazee wakae na mchungaji waamue Biblia ya Kiswahili itakayosomwa mimbarani, watangaze kwamba uamuzi huo ni wa utaratibu wala si wa imani, na wauandike katika kumbukumbu za kikao kwa maneno hayohayo. Mhubiri mgeni apewe taarifa mapema, pamoja na ombi kwamba ataje mistari yake siku moja kabla ili mkalimani aifungue na kuilinganisha. Pale penye tofauti, mkalimani asome Biblia iliyochaguliwa kama ilivyo, pamoja na mabano yake, na mhubiri akitaka kueleza neno la Kiingereza alieleze ndani ya mahubiri. Katika somo la katikati ya wiki kila mtu aje na Biblia aliyo nayo. Kwa watoto wa shule ya Jumapili, mistari ya kukariri itolewe katika tafsiri moja tu, ile ya mimbarani, kwa sababu mtoto anayefundishwa mstari mmoja kwa namna tatu hatashika hata moja.