Kumshika mkono mwanafunzi asiye na makaratasi: hatua ninazofuata chuoni

Kazi yangu ni kulea wanafunzi wageni katika chuo kimoja cha jamii (community college) hapa California. Wapo wenye viza, wapo wakimbizi, na wapo wasio na makaratasi ya ukaazi kabisa. Naandika kwa Mswahili yeyote wa huku aliyeambiwa, iwe chuoni, msikitini au kanisani, "Hebu mwangalie huyu kijana."

Hatua ya 1: Usiulize makaratasi

Mwache aseme mwenyewe. Binti mmoja alinijia mara tatu kuuliza habari za printa ya maktaba. Mara ya nne alifunga mlango, akakaa na begi mapajani, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Leo sijaja kwa ajili ya printa." Ningemuuliza habari za kadi ya kijani siku ya kwanza, nisingemwona tena.

Swali ninalolitumia ni hili: "Ada ya muhula huu imekaaje?" Linafungua mazungumzo bila kumvua mtu nguo. Akishasema, usiandike popote. Barua pepe ya chuo ni kumbukumbu ya chuo, na huwezi kujua kesho itasomwa na nani. Kwenye daftari langu utakuta "ada", "wakili", "Alhamisi", basi.

Hatua ya 2: Ifunge faragha yake

Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, ila ina mwanya: chuo kinaweza kutoa taarifa kama jina, anwani na namba ya simu bila kumwomba ruhusa, isipokuwa mwenyewe awe amekataa kwa maandishi. Nendeni pamoja kwa msajili mkajaze fomu ya kukataa. Ni kazi ya dakika chache, na wengi hawajui kama ipo.

Hatua ya 3: Jua ada yake itatoka wapi

Tangu 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Plyler v. Doe, kwamba shule za umma haziwezi kumfungia mlango mtoto kwa sababu hana makaratasi. Uamuzi huo hauhusu chuo. Ndiyo maana kuna vijana wanaolipata pigo hili wakiwa na miaka 17, fomu za chuo mkononi.

Asiye na makaratasi hapati msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, hata akiwa na DACA (kinga ya muda dhidi ya kufukuzwa nchini, kwa walioletwa wakiwa watoto), kwa hiyo asijaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo. Kwa California, sheria ya AB 540 ya 2001 inamwezesha kulipa ada ya mkazi, yaani ile nafuu ya watu wa jimbo, iwapo alisoma hapa miaka mitatu na kutimiza masharti mengine, na msaada wa jimbo anauomba kwa fomu ya California Dream Act. Aliyezaliwa hapa na wazazi wasio na makaratasi ana haki kamili ya msaada wa shirikisho. Hadhi ya wazazi haimwondolei.

Kila mwaka hakikisha upya. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa wasio na makaratasi ada ya mkazi, mwaka 2001, na Juni 2025 mlango huo ulifungwa mahakamani.

Hatua ya 4: Mwahi mwenye viza kabla hajaanguka

Hapa ndipo vijana wetu wengi wa Kenya na Tanzania wanapopotelea. Kijana alinijia katikati ya Agosti. Biashara ya baba yake nyumbani ilikuwa imekufa. "Mwalimu, muhula huu nikisajili masomo mawili tu, kuna ubaya?"

Ubaya upo, tena mkubwa. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anayesomea shahada ya kwanza au ya chini yake lazima awe na krediti 12 kila muhula wa kawaida. Kupunguza kunahitaji ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, nayo hutolewa kabla ya kupunguza. Na kukosa hela peke yake si sababu inayokubalika. Ila kama amemaliza mwaka mmoja wa masomo, na shida imempata ghafla, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo. Nilimpeleka ofisini mchana uleule, nikakaa naye mpaka akaitwa. Kumwambia "nenda kaulize" hakutoshi. Aibu itamrudisha njiani.

Hatua ya 5: Mfundishe kisanduku kimoja

Chuoni kila msimu wa uchaguzi kuna meza ya kuandikisha wapiga kura, na vijana wachangamfu wanaomwita kila apitaye. Asiye raia akijaza ile fomu na kutia alama kwamba ni raia, anaweza kujifungia makaratasi maisha yake yote. Sheria ya uhamiaji ya 1996 haina huruma juu ya hilo. Vivyo hivyo akitia alama hiyo kwenye fomu ya kazi. Tunafanya mazoezi ya kuwajibu wale wa mezani: "Asante, leo hapana," kisha anapita zake.

Hatua ya 6: Usijifanye wakili

Nami nimeshawishika mara nyingi, maana kijana ananiamini mimi. Lakini fomu moja iliyojazwa vibaya inaweza kumharibia kesi. Mpeleke kwa wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Vyuo vya umma vya California vina msaada wa kisheria wa bure kwa wanafunzi. Usimwache akamlipe "mjuaji" wa mtaani.

Hatua ya 7: Asitoke bila siku ya kurudi

"Karibu wakati wowote" ni maneno ya kumuaga mtu. Taja siku na saa. Yule binti wa printa ni Alhamisi saa tisa alasiri. Akichelewa robo saa, mimi ndiye ninayempigia.