Umbali wa ndege Dar–Mwanza, na namna ya kupiga hesabu ya muda wake

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere (DAR) hadi Mwanza (MWZ) ni kilomita 851 angani. Kwa barabara ni zaidi ya 1,100, maana basi linapitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga.

Namba hiyo ya angani unaipata kwa kikokotoo cha simu. DAR iko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki, MWZ ni 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Toa: 4.44 na 6.27. Karibu na ikweta nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo zidisha: 493 na 696. Kila moja ipige kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 853, kilomita mbili tu za ziada. Njia hii usiende nayo Ulaya: Dar–London inazidisha kwa zaidi ya kilomita 300, kwa kuwa longitudo zinabanana kadiri unavyopanda kaskazini.

Wengi huharibu hapa: nyuzi 6 na dakika 52 wanaandika 6.52, kumbe ni 6.87 (52 gawanya kwa 60). Viwanja vikiwa pande mbili za ikweta, kama Dar na Dubai, latitudo zinajumlishwa, hazitolewi. Na "maili" za marubani ni za baharini, kilomita 1.852 kila moja; ukizidisha maili 460 za Dar–Mwanza kwa 1.609, ambayo ni ya maili ya nchi kavu, umepoteza zaidi ya kilomita 100.

Sasa muda. Jeti ya Airbus A220 hukata kama kilomita 830 kwa saa ikishafika juu, ndege ya pangaboi ya Q400 kama 650. Gawanya: dakika 62 na 79. Ongeza 15 hadi 20 za kupanda na kushuka, maana huko ndege haiendi kwa kasi hiyo, kisha kama 10 za kutembea ardhini. Jeti inakaribia saa moja na nusu, pangaboi saa moja na dakika 45 au 50. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni, si inaporuka, na foleni ya kuruka haimo kwenye kikokotoo chochote.

Tiketi isome kwa makini. 10:45 ni saa nne na dakika 45 asubuhi. Anayeisoma "saa kumi na dakika 45" atafika uwanjani jioni, ndege ilishatua Mwanza zamani.

Saa zilizoandikwa ni za mahali husika. Mwanza haina shida, ila Dubai iko mbele kwa saa moja. Tiketi ikisema kuondoka Dar 16:45 na kufika 23:20, tofauti ni saa 6 na dakika 35. Toa saa moja, safari ni saa 5 na dakika 35. Wakati wa kurudi, saa hiyo unaijumlisha.