Flatpak inakula nafasi kiasi gani hasa? Pima kwanza, ndipo ufute

Ukisakinisha kikokotoo cha `org.gnome.Calculator`, programu ya megabaiti chache tu, Flatpak, yaani mfumo wa kusakinisha programu kwenye Linux, inaweza kukuomba ruhusa ya kupakua mamia ya megabaiti. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ni ya mara ya kwanza. Kinachoandamana na kikokotoo ni rantaimu ya GNOME (mazingira ya eneo-kazi ya Linux), yaani furushi la maktaba za msingi, ambalo likishakaa diskini hukaribia GB 1. Programu ya pili inayotumia rantaimu hiyo hiyo, toleo lile lile, haiongezi chochote upande huo. Kinachomaliza diski ni kuwa na matoleo matatu au manne ya rantaimu kwa wakati mmoja, kila moja likishikiliwa na programu moja iliyochelewa kusasishwa.

Kupima bila kudanganyika

Anza na folda nzima, kwa amri moja:

`sudo du -sh /var/lib/flatpak`

Namba hiyo ndiyo ya kuamini. Usijumlishe safu ya ukubwa inayotolewa na `flatpak list`, kwa sababu pale kila kitu huhesabiwa kana kwamba kiko peke yake. Jumla yake huzidi nafasi inayotumika kweli.

Sababu iko kwenye namna faili zinavyohifadhiwa. Kila faili huingia kwenye ghala la `/var/lib/flatpak/repo` ikitambulishwa kwa alama ya SHA256, yaani msimbo unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Folda za `app` na `runtime` hazibebi nakala nyingine: zina majina ya ziada yanayoelekea kwenye data ile ile. Jionee mwenyewe:

`stat -c %h /var/lib/flatpak/app/org.gnome.Calculator/current/active/files/bin/gnome-calculator`

Jibu likiwa 2, faili hiyo ina majina mawili, moja ghalani na moja kwenye folda ya programu, lakini diskini iko mara moja tu. Sasa jaribu hii:

`sudo du -sh /var/lib/flatpak/repo /var/lib/flatpak/runtime /var/lib/flatpak/app`

Mstari wa kwanza utakuwa mkubwa, miwili inayofuata midogo. Geuza mpangilio, tanguliza `runtime`, na mzigo utahamia huko. `du` huhesabu data mara moja tu ndani ya amri moja, kisha huiruka ikiikuta tena. Ukizipima folda hizo kwa amri tatu tofauti na kujumlisha, unapata karibu maradufu ya ukweli. Ndipo wengi wanapokosea.

Usitarajie miujiza kwenye ushirikiano huo, hata hivyo. Unafanyika kwa faili nzima, nayo lazima ilingane baiti kwa baiti. Maktaba iliyojengwa upya kwa toleo jipya la rantaimu hutofautiana na ya zamani hata kama kazi yake haijabadilika. Kwa hiyo matoleo mawili ya rantaimu hugawana fonti, ikoni na faili za data zisizoguswa, lakini kwenye maktaba zenyewe kila toleo hubeba mzigo wake.

Nani anashikilia nini

`flatpak list --app --columns=application,runtime`

Ukiona toleo la rantaimu linatajwa na programu moja peke yake, umempata mlaji. Ukiiondoa programu hiyo, au ukisubiri wasanidi wake wahamie toleo jipya, rantaimu nzima inakuwa huru kuondoka. Rantaimu ya Freedesktop, ile ya msingi ambayo nyingine hujengwa juu yake, hutoa toleo jipya kila mwaka mwezi Agosti, ndiyo maana majina yake ni kama 23.08 na 24.08; ya GNOME hutoka kila miezi 6. Programu iliyoachwa bila matunzo itakubakisha na rantaimu ambayo haipati tena marekebisho ya usalama, na hiyo ni hasara kubwa kuliko nafasi.

Kupunguza

`flatpak uninstall --unused`

Amri hii huondoa rantaimu na viongezeo visivyohitajiwa na programu yoyote, yakiwemo matoleo ya zamani ya dereva za Nvidia, ambayo kila moja hula mamia ya megabaiti. Ikisema hakuna cha kuondoa ilhali unaona rantaimu isiyo na mwenyewe, endesha `flatpak pin` uone zilizobandikwa. Rantaimu uliyoisakinisha kwa kuitaja jina hubandikwa isiguswe. Ibandue kwa `flatpak pin --remove` ukifuatisha jina lake kamili.

Kisha angalia kama una usakinishaji wa aina mbili. Ule wa mtumiaji hukaa `~/.local/share/flatpak`, na haugawani chochote na ule wa mfumo. Rantaimu moja ikiwa kote kuwili, unailipia mara mbili. Chagua upande mmoja.

Data ya programu zenyewe iko `~/.var/app`, na haiondoki unapoiondoa programu. `du -sh ~/.var/app/* | sort -h` itakuonyesha iliyonenepa. Mara nyingi ni folda ya `cache` ya kivinjari. Kwa mabaki ya programu ulizokwisha kuondoa, tumia `flatpak uninstall --delete-data`. Soma orodha kabla ya kukubali, kwani mipangilio ikifutwa hairudi.

Sasisho linapogoma

Ujumbe unaotaja `min-free-space-size 500MB` unamaanisha kwamba sasisho lingeacha chini ya MB 500 zikiwa wazi, nalo limezuiwa. Toleo jipya huandikwa kwanza, la zamani ndilo huondolewa baadaye, kwa hiyo kwa muda yote mawili yapo. Safisha kwanza, kisha sasisha programu moja moja. Sasisho likikatika njiani, angalia folda za `/var/tmp/flatpak-cache-*`; zifute endapo hakuna amri ya Flatpak inayoendelea. `sudo flatpak repair` nayo huondoa vitu vya ghalani visivyotajwa popote.

Ukihamishia diski nyingine

`cp -r` haijali majina mapacha: huandika kila jina kama faili mpya, na GB 8 hugeuka karibu 16. Tumia `rsync -aHAX`. Herufi H ndiyo inayohifadhi uhusiano huo. Hamisha `/var/lib/flatpak` yote kwa pamoja. Ukiliacha `repo` kwenye diski moja na `runtime` kwenye nyingine, faili moja haiwezi kuwa na majina kwenye diski mbili, na ushirikiano wote unavunjika.